Barabara Zimepanuka, Udereva Umeshuka

Arusha imepata barabara ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14, magari yana njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Barabara ya mchepuko, kilomita 42 kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, imejengwa ili malori yanayopitia Namanga na Holili yasilazimike kukatiza mjini. Lami ipo na alama zipo. Kinachozidi kushuka ni udereva wenyewe.

Tarehe 6 Mei 2017, siku ya mvua, basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent kwenda kwenye mtihani wa majaribio Karatu lilitumbukia korongoni kwenye mteremko wa Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, lori lililofeli breki liligonga magari matatu na watu 25 wakapoteza maisha. Ajali hizo mbili hazifanani, lakini zote zinatudai tujiulize: wanaoshika usukani leo wanajua nini kuhusu mteremko, mvua na breki?

Swali hilo ni zito kwetu kwa sababu tunaishi ubavuni mwa Mlima Meru. Ukitoka Ilboru au Sekei kuja mjini, unashuka. Madereva wa zamani walifundishana kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, ili injini ilizuie gari na breki zibaki na kazi ndogo. Leo mwenye gari la gia anatia free aokoe mafuta. Mwenye otomatiki anaiacha kwenye D na kukanyaga breki tangu juu hadi chini, wakati gia ya chini ipo hapo hapo mkononi mwake. Breki zikishapata moto sana hupoteza nguvu: unakanyaga, gari halishiki.

Maarifa haya hayakupatikana kwa cheti. Dereva wa lori alianzia utingo. Alipima oili na maji alfajiri, aligonga matairi kusikiliza upepo, aliweka kigingi gari likisimama mlimani, na alikaa pembeni ya dereva mkubwa akiona anavyopunguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Njia hiyo ya kurithishana kazi imekatika, na mafunzo ya wiki chache hayajaziba pengo. Kwenye daladala hali ni ngumu zaidi. Deiwaka, dereva wa kushika gari kwa siku, anakabidhiwa gari asilolijua, abiria wanapanda, na hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Hana muda wa kuchungulia tairi.

Dereva mzoefu naye ana ugonjwa wake. Anajua, ila amelegea. Anatii sheria pale tochi ya kupima mwendo ilipo. Akishapita trafiki, anawawashia taa wanaokuja ili kuwatahadharisha, kisha anakanyaga mafuta. Sheria inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na sababu yake haihusiani na faini. Kwa mwendo huo gari linakula mita 14 kila sekunde. Ukifika 100 linakula mita 28, na umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa mara nne, siyo mara mbili. Lami ikiwa na maji unaongezeka tena. Mtoto anayevuka barabara Ngulelo hasaidiwi na tochi iliyoko Usa River.

Hapo ndipo anguko lilipo: tumeutoa uangalifu kwa dereva na kumwachia polisi aubebe, na polisi hawezi kuwa kila mahali. Kuongeza tochi peke yake hakutarudisha udereva. Leseni inayohuishwa kila baada ya miaka mitano iambatane na kupimwa upya barabarani, hasa kwa wanaobeba abiria na mizigo. Wanafunzi wa udereva wapelekwe kwenye miteremko halisi, na kwenye mvua. Matajiri wapange hesabu inayomruhusu dereva kukagua gari na kulala. Nasi abiria tumwambie dereva apunguze mwendo, tukiwa tayari kushuka asiposikia, kwa sababu anayekimbia hivyo ameshajifunza kwamba abiria wake hunyamaza.