PAI BILA NGANO NA BILA SUKARI: JE, TUMEWEKA NINI BADALA YAKE?



Jioni moja, baada ya kisomo, mama mmoja alifunua kikapu chake akatoa pai iliyofunikwa kwa kitambaa safi.

"Mwalimu, hebu onja," akasema. "Hii haina ngano wala sukari. Nimempikia mzee wangu, si unajua ana kisukari? Sasa atakula mpaka ashibe."

Nikaonja. Kwa kweli ilikuwa tamu sana. Nikamwuliza, "Mama, utamu huu umetoka wapi?"

"Ni asali tu, mwalimu. Nimetia kikombe kimoja."

Wenzake wote wakamsifu. Mimi nilikaa kimya kidogo. Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa amehangaika siku nzima kwa ajili ya mume wake. Lakini asingeelezwa ukweli, mzee angeumizwa na chakula kile kile alichopikiwa ili kumsaidia.

Basi tuizungumze pai hiyo. Kuondoa ngano na sukari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua tumeweka nini badala yake.

PAI NI KITU GANI?

Pai ni ganda la unga lenye kitu ndani yake, kama vile nyama, matunda, boga au viazi. Sambusa ni ndugu yake. Mara nyingi ganda hutengenezwa kwa unga wa ngano na mafuta. Kama ni pai tamu, vitu vya ndani hutiwa sukari.

Kwa nini watu wengine wanaacha ngano? Sababu ya kwanza ni bei. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania inatoka nchi za nje, lakini muhogo, viazi na ndizi tunalima wenyewe.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Ngano ina protini inayoitwa gluteni. Wapo watu wachache ambao utumbo wao huharibika wakila gluteni. Wanaharisha, wanakonda, na watoto wao hawakui vizuri. Ugonjwa huo unaitwa seliaki. Daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza mwaka 1950 kwamba watoto wenye ugonjwa huo hupata nafuu wakiachishwa ngano. Mtu wa namna hiyo lazima aache ngano kabisa. Lakini mahindi, mchele, mtama na ulezi havimdhuru kwa njia hiyo.

Sababu ya tatu ni maneno ya watu. Siku hizi utasikia eti nafaka zote ni sumu. Hayo si kweli. Ugali wa dona, mtama na ulezi ni chakula kizuri. Usitupe ulezi wako kwa sababu ya maneno ya barabarani.

ASALI NI NDUGU YA SUKARI

Watu wengi wanadhani asali haina sukari kwa sababu haitoki kiwandani. Lakini sehemu kubwa ya asali ni sukari, na iliyobaki karibu yote ni maji. Sukari guru nayo ni sukari. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda.

Sasa chukua kalamu, tupige hesabu pamoja. Tuseme pai moja inakatwa vipande 8.

Kikombe kimoja cha sukari kina gramu 200 hivi. Gawanya kwa 8. Kila kipande kinapata gramu 25. Kijiko kimoja cha chai kinachukua gramu 4 hivi, kwa hiyo kipande kimoja kina vijiko 6 vya sukari.

Kikombe kile kile kikijazwa asali, uzito wake ni gramu 340 hivi, maana asali ni nzito. Ndani ya asali hiyo mna sukari gramu 280 hivi. Gawanya kwa 8. Kila kipande kinapata gramu 35! Kumbe kikombe cha asali kimeleta sukari nyingi kuliko kikombe cha sukari yenyewe.

Sasa weka ndizi mbivu 3 za ukubwa wa kati. Kila moja ina sukari gramu 14 hivi. Zote tatu zina gramu 42. Gawanya kwa 8. Kila kipande kinapata gramu 5 na kidogo. Tena ndizi imekuja na nyuzinyuzi zake, ambazo asali haina.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoongeza kwenye chakula na vinywaji isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi isizidi gramu 25. Asali imehesabiwa humo humo. Gramu 25 ni vijiko 6 vya chai. Mtu anayekunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha maliza fungu lake kabla hajaona pai.

Na vile vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai? Utamu wake hautokani na sukari. Mgonjwa wa kisukari anaweza kumwuliza mganga wake kama vinamfaa. Kwa mtu asiye na kisukari anayetaka kupunguza unene, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri asivitegemee. Dawa nzuri zaidi ni kuuzoeza ulimi utamu mdogo. Punguza nusu kijiko leo, na nusu nyingine baada ya wiki mbili. Ulimi unafundishika kama mwanafunzi.

Jambo moja zaidi kuhusu asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo kwa mtoto mchanga hutoa sumu ya kumlegeza mwili na hata kumzuia kupumua.

MUHOGO: RAFIKI MWENYE MASHARTI

Pai yetu tutaitengeneza kwa ganda la muhogo. Muhogo ni chakula chetu cha tangu zamani na umewaokoa wengi wakati wa njaa. Lakini una masharti yake.

Ndani ya muhogo mna kitu kinachoweza kugeuka sumu iitwayo sianidi. Kwenye muhogo mtamu ni kidogo, na kumenya na kuchemsha huiondoa vya kutosha. Kwenye muhogo mchungu ni nyingi. Ndiyo maana bibi zetu waliuloweka siku tatu au zaidi, wakauvundika, wakauanika, kisha wakasaga. Kuanika peke yake hakutoshi.

Watu wakiwa na njaa huruka hatua hizo. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulionekana Tarime, mkoani Mara. Unaitwa konzo. Mtu hulala mzima, akiamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Waliopatwa walikuwa wakila muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri siku baada ya siku, bila maharage, samaki, nyama wala mayai ya kutosha. Protini ya vyakula hivyo husaidia mwili kuiondoa sumu ile.

Basi tushike mambo matatu. Kwa pai tumia muhogo mtamu tu. Kipande ukikionja kikawa kichungu, usikitumie. Na muhogo usiliwe peke yake kila siku, bali upate wenzake.

PAI YA MUHOGO NA VIAZI LISHE

Viazi lishe ni vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Vina vitamini A kwa wingi, ambayo hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na maradhi. Kama huna, tumia boga.

Vitu vya ganda:
- Muhogo mtamu uliomenywa, kilo 1
- Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1
- Yai 1
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vikubwa
- Chumvi, nusu kijiko cha chai

Vitu vya ndani:
- Viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, vikombe 2
- Ndizi mbivu 3, ganda likiwa limeanza madoa meusi
- Mayai 2
- Maziwa, nusu kikombe
- Maji ya limau, nusu limau
- Iliki au tangawizi iliyotwangwa, kidogo

Namna ya kupika:

1. Chagua karanga. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe, maana ukungu wake unaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kukaanga.

2. Kata muhogo vipande, toa mzizi wa katikati, osha. Chemsha mpaka uive kabisa, bila kufunika sufuria. Mwaga maji yale.

3. Ponda muhogo ungali wa moto. Ukipoa unakuwa mgumu kupondeka. Ukishapoa kidogo, tia karanga, yai, mafuta na chumvi. Kanda mpaka ushikane.

4. Paka mafuta sufuria pana yenye mfuniko wa bati. Tandaza muhogo chini na pembeni kwa vidole, unene kama kidole kimoja. Lowesha vidole kwa maji ili usinate.

5. Weka sufuria juu ya makaa machache. Funika, kisha panga makaa mengi zaidi juu ya mfuniko, kama tunavyooka mkate. Acha dakika 15 ganda likauke.

6. Ponda viazi na ndizi pamoja. Tia mayai, maziwa, limau na iliki. Koroga vizuri.

7. Mimina ndani ya ganda. Funika tena, weka makaa juu, oka dakika 40 hivi. Tikisa sufuria. Kama katikati hakuchezi, pai imeiva.

8. Epua, acha ipoe saa nzima. Ukikata ikiwa ya moto itabomoka. Kata vipande 8.

Utaona hatukutia sukari hata chembe. Siku ya kwanza watoto watasema haijakolea. Usiwasikilize! Wape siku ya pili na ya tatu.

JE, MWENYE KISUKARI AILE VIPI?

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Muhogo, viazi na ndizi vina wanga, na wanga ukifika tumboni hugeuka sukari. Kwa mtu mzima wa afya, kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari mlango iingie mwilini ikafanye kazi. Kwa mwenye kisukari, mlango huo haufunguki vizuri. Sukari hubaki kwenye damu, na baada ya miaka huharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Kwa hiyo pai hii ni afadhali kuliko ile ya kikombe cha asali. Karanga na mayai huichelewesha sukari isiingie kwenye damu kwa kasi. Lakini haijawa dawa. Kipande kimoja kihesabiwe ni chakula. Akila pai, apunguze ugali au viazi vya mlo ule. Asiile juu ya shibe. Ale pamoja na mboga za majani na maharage. Kama ana kipimo cha damu, apime saa mbili baada ya kula, aandike kwenye daftari na kuipeleka zahanati. Na vidonge au sindano ya insulini asiache kwa sababu ya chakula chochote.

Tena shika hili vizuri. Mgonjwa anayetumia dawa akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kusikia njaa kali au kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka mno. Hapo usimpe pai. Kama anaweza kumeza, mpe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au asali. Saa hiyo sukari ndiyo dawa. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mkimbize kituo cha afya.

MWISHO

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kutenda. Sisi tuliojua kusoma tuna silaha zaidi, kwa maana tunaweza kupima, kuandika na kugawanya kwa 8.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akafunika pai yake taratibu, akasema, "Basi mwalimu, hii watakula wajukuu, kipande kipande. Mzee nitampikia ya ndizi." Kisha akafungua daftari lake, akaandika hesabu ile ya gramu 35 kwa mkono wake mwenyewe. Alisema anataka kumwonyesha mzee namba, maana mzee habishani na namba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu mnatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Andikeni kwa siku saba, kisha jumlisheni.
2. Pai ina vikombe 2 vya sukari na imekatwa vipande 10. Kila kipande kina gramu ngapi?
3. Katika kijiji chenu, muhogo mchungu hutengenezwaje? Je, kuna hatua inayorukwa wakati wa njaa?
4. Ni nani jirani yako mwenye kisukari ambaye hajui kusoma? Utamsomea lini makala hii?