Mafuta ya Shea: Kizuri Chajiuza

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu wafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi aingiapo dukani kutafuta mafuta ya kujipaka.

Mti wa shea humea kuanzia Senegal hadi kaskazini mwa Uganda, ambako akina mama Waacholi na Walango hutengeneza mafuta kutokana na kokwa zake. Mafuta hayo hulainisha ngozi kavu kwa kuwa huifunika na kuuzuia unyevu usipotee. Hiyo ndiyo kazi yake. Hayaondoi weusi, wala hayapaswi kuuondoa.

Je, yaliyo bora yatambulikaje? Yasiyosafishwa kiwandani huwa na rangi ya manjano hafifu na harufu ya kokwa. Meupe pepe yasiyonukia yamesafishwa. Hayadhuru, ila yamepungukiwa na baadhi ya uasilia wake. Ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, hivyo ulaini si dalili ya ulaghai. Twaa kidogo kiganjani: yatayeyuka kwa joto la mwili. Yakitoa harufu ya kuchacha, yameharibika.

Lakini mkebe ukiandikwa "shea" na papo hapo ukaahidi kukufanya mweupe, uache. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka wa 1998, kwani zebaki hudhuru figo. Hata hivyo, vingali vyauzwa kichinichini.

Walimu, lifundisheni somo hili. Hakuna mtoto aliyezaliwa na ngozi yenye kosa la kusahihishwa.