Huna homa wala kikohozi, mbona upimwe korona?

Umevunjika mguu, au siku yako ya kujifungua imewadia. Huna homa, hukohoi, huna mafua. Hata hivyo, kabla hujapelekwa wadini, muuguzi anakuja na kijiti chenye pamba na kukuomba uinue kichwa ili akusugue ndani ya pua. Msomaji, una haki ya kumwuliza sababu. Jibu si lile lile kwa kila mgonjwa.

Hospitali nyingi duniani zilianza kumpima kila anayelazwa mwaka wa 2020. Chanjo haikuwapo, na ilikuwa imebainika kwamba mtu huweza kueneza virusi siku moja au mbili kabla ya kuugua, au bila kuugua kabisa. Katika hospitali mbili za New York, kati ya Machi 22 na Aprili 4 mwaka huo, akina mama 210 waliofika kujifungua bila dalili yoyote walipimwa. Waliopatikana na virusi walikuwa 29. Mwezi wa Mei ikachapishwa ripoti ya wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24 waliofanyiwa upasuaji huku wakiwa na virusi hivyo, au waliovipata muda mfupi baadaye. Karibu robo yao walifariki katika siku 30. Mapafu yaliyoshambuliwa hayahimili vyema dawa ya usingizi na mpira wa kupumulia. Wakati huo, kupima kila mtu kulikuwa jambo la busara.

Lakini hali imebadilika. Watu wengi sasa wana kinga, ama ya chanjo ama ya kuugua. Hospitali za Uingereza ziliacha kuwapima ovyo wasio na dalili mwisho wa Agosti 2022, na Desemba mwaka huo chama cha wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia maambukizi ya hospitalini kikashauri vivyo hivyo.

Sababu kubwa ni hesabu. Tuseme wagonjwa 1,000 wanalazwa, na ni watano tu walio na virusi. Kipimo kinachokosea mara moja kwa kila watu 100 wasioambukizwa kitawataja watu kama kumi kimakosa. Yaani wengi wa watakaoambiwa wana korona hawatakuwa nayo! Isitoshe, kipimo cha PCR huweza kunasa mabaki ya virusi vilivyokufa wiki nyingi baada ya mtu kupona.

Majibu hayo si karatasi tu. Mgonjwa hutengwa, upasuaji wake huahirishwa, jamaa huzuiwa kumwona, na gharama huongezeka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye madhara. Kidole tumbo kinachokaribia kupasuka hakingoji maabara, wala mtoto anayezaliwa hangoji. Daktari huvaa barakoa na glavu na kuendelea na kazi.

Majibu ya kuonyesha huna virusi nayo yasikupumbaze. Aliyeambukizwa jana huenda asionekane leo. Na tukumbuke kwamba wageni hawapimwi: shangazi mwenye mafua aliyekuja na chupa ya uji anaweza kukiingiza kirusi wadini mchana kweupe. Madirisha yaliyo wazi, mikono iliyonawiwa na barakoa kwa anayekohoa huzuia mengi ambayo kijiti hakiwezi.

Wapo wanaohitaji kupimwa hata sasa: mwenye dalili, wagonjwa wa wadi ambamo ugonjwa umezuka, na anayelazwa karibu na watu waliopungukiwa kinga, kama wanaopewa dawa kali za saratani.

Ukipatikana na virusi na hujihisi mgonjwa, mwambie daktari kama uliugua korona katika miezi mitatu iliyopita, na uliza kama kipimo kinaweza kurudiwa. Ikiwa upasuaji wako si wa haraka, zungumza na daktari wa dawa ya usingizi kuhusu siku ifaayo. Ikiwa ni wa haraka, usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kijiti.