Bata Mzima Ndiye wa Kupimwa

Kuku akipatwa na mafua makali ya ndege aina ya H5N1, mfugaji hahitaji kuambiwa. Kilemba hugeuka zambarau, na banda zima laweza kuteketea ndani ya siku chache. Bata mara nyingi hatoi ishara hiyo. Anaweza kubeba virusi hivyohivyo huku akila, akiogelea na kutaga kama kawaida.

Thailand walilijua hilo kwa hasara kubwa. Ugonjwa ulipozuka kwa wimbi la pili mwaka 2004, watafiti walichora ramani ya milipuko wakaona inashabihiana na maeneo yenye bata wa kuchungwa. Huko, mpunga ukishavunwa, makundi ya bata huachiwa mashambani waokote punje, konokono na wadudu. Wakati huo, chakula kilipoisha, bata walipakiwa kwenye lori na kupelekwa shamba jingine, pengine mkoa mwingine kabisa, na kila walipotua walichafua maji kwa kinyesi na makamasi.

Mwaka 2005 Robert Webster wa Hospitali ya St. Jude, Memphis, na wenzake wakachapisha matokeo ya majaribio yao: bata walioambukizwa waliweza kutoa virusi hadi siku 17. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba virusi vilivyotoka siku za mwisho vilikuwa vimepunguza makali kwa bata, lakini kwa kuku viliendelea kuua.

Kwa hiyo ufuatiliaji unaosubiri mizoga umeshachelewa. Mpimaji humshika bata mzima, akapitisha kijiti chenye pamba kooni na kingine kwenye tundu la haja, kisha akavitumbukiza katika kichupa chenye majimaji ya kuhifadhi virusi. Kichupa hicho hukaa kwenye barafu hadi maabara. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: sampuli ikipata joto njiani, virusi huharibika na jibu linaweza kuja hasi ilhali bata alikuwa navyo.

Maabara kwanza hutafuta mafua yoyote ya aina A, kisha aina zake ndogo za H5 na H7, ndipo jeni zisomwe kikamilifu. Kirusi hiki kina vipande 8 vya jeni, na bata mmoja akiingiwa na aina mbili kwa wakati mmoja, vipande vinaweza kuchanganyika na kuzaa aina mpya. Tukilinganisha sampuli za miezi na maeneo tofauti, tunaweza kutambua kama mlipuko umetokana na virusi vilivyobaki kwa bata wa kufugwa au vimeletwa na ndege wahamao. Kama ni vya bata wa kufugwa, tudhibiti malori na masoko kwanza.

Januari 2017, Uganda nayo iligundua mafua ya ndege aina ya H5N8 baada ya ndege wa porini kuonekana wamekufa kando ya Ziwa Victoria. Bata na kuku wa kufugwa nao wakakutwa na virusi. Walioona mizoga wakatoa taarifa walifanya jambo kubwa. Ila ningetaka fedha zitengwe pia kupima bata wazima sokoni na kando ya maziwa, hata katika miezi isiyo na vifo. Majibu mengi yatakuwa hasi. Nayo yaandikwe, kwa tarehe na mahali, maana bila hayo hatutajua virusi viliingia lini.