Mwenzako Anapokuwa Mshindani

Kushindana na mgeni si kazi. Kazi ni kushindana na mwenzako wa timu moja, tena kwa nishani moja.

Tutazame mbio fupi za kuteleza barafuni. Uwanja ni mdogo, mzunguko wa mita 111 hivi, na wachezaji hubanana kwenye kona wakiwa na viatu vyenye vyuma vya makali. Mwaka 2010 huko Vancouver, Kanada, vijana watatu wa Korea Kusini waliongoza fainali ya mita 1500. Kwenye kona ya mwisho Lee Ho-suk alijaribu kumpita Sung Si-bak kwa ndani. Wakaanguka wote wawili! Lee Jung-su akapata dhahabu. Fedha na shaba zikaenda kwa Wamarekani. Wazee wetu walisema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana.

Siku 13 baadaye hao watatu waliingia pamoja fainali ya kupokezana, mita 5000. Huko hakuna kijiti. Amalizaye zamu humsukuma mwenzake kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, na asukumwaye huwa amempa mgongo. Walimaliza wa pili, wakavishwa nishani za fedha pamoja.