Jasho Lisilo la Kazi Wala la Hofu: Haipahidrosisi na Ngazi za Tiba Yake

Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili, jasho lina heshima na lina fedheha. Mvujajasho ni mtu wa kazi, na anayekula jasho la mwenziwe ni dhalimu. Aliyetokwa na kijasho chembamba, kwa upande mwingine, ni mtu aliyeingiwa na hofu. Msemaji wa lugha hii basi amezoea kuliona jasho kuwa ishara ya jambo moja kati ya mawili: kazi au woga. Hata hivyo, wapo watu ambao viganja vyao hutiririka jasho wakiwa wameketi kimya, bila kazi wala hofu, hata katika baridi ya Julai kule Limuru. Lugha ya kila siku haijawapa jina, na jamii huwapa majina yasiyo yao: waoga, wachafu, wenye hatia. Madaktari huiita hali hiyo haipahidrosisi. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo chake na ngazi za tiba yake, kwa kuwa wengi walio nayo hawajui kwamba ni maradhi, na kwamba yanaweza kudhibitiwa.

Chanzo cha Maradhi

Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho zipatazo kati ya milioni 2 na milioni 4. Kazi yake kuu ni kuupoza mwili: jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Tezi hizi hupokea amri kutoka kwa neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa mwenye haipahidrosisi ya msingi, tezi zenyewe hazina kasoro, wala si nyingi kuliko za watu wengine. Kilichopita kiasi ni amri.

Dalili zake zinajulikana. Aghalabu huanza utotoni au katika ujana. Hushika pande zote mbili za mwili kwa usawa, hasa viganja, nyayo, makwapa na uso. Hukoma mgonjwa anapolala. Na mara nyingi huwapo katika ukoo. Wasiwasi huweza kulizidisha jasho, lakini sio chanzo chake. Si maradhi adimu pia: utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba nchini Marekani huwapata watu wapatao 5 katika kila 100.

Ipo aina ya pili, ambayo ni dalili ya ugonjwa mwingine. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani, au linalolowesha shuka usiku, halifai kupuuzwa. Huenda likatokana na kifua kikuu, malaria, tezi dundumio inayofanya kazi kupita kiasi, saratani ya tezi za limfu, kukoma kwa hedhi, au dawa anazotumia mgonjwa, zikiwamo baadhi ya dawa za sonona. Hapa kinachotibiwa ni kile chanzo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kumwona daktari.

Madhara Yake

Asiyekuwa na maradhi haya huyaona madogo. Lakini mwanafunzi ambaye karatasi ya mtihani hulowa na wino kutapakaa chini ya mkono wake hupoteza muda ambao wenziwe wanautumia kuandika. Zaidi ya hayo, katika jamii ambayo salamu ni mkono, anayeuficha wake huonekana ana kiburi, na anayeutoa huona mwenziwe akijifuta kisirisiri. Wengine huacha kusalimiana, huepuka mahojiano ya kazi, na hata huahirisha uchumba.

Ngazi za Tiba

Tiba hupandwa kama ngazi, kuanzia ile nyepesi.

Ngazi ya kwanza ni dawa ya kupaka. Inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo huuzwa kwenye rafu moja. Kikwapa ni harufu, na hutokea bakteria wa ngozi wanapolichakachua jasho. Manukato ya kwapa hupambana na harufu hiyo tu. Kizuia jasho ni kitu kingine: kina chumvi za alumini zinazoziba kwa muda mirija ya tezi. Kwa haipahidrosisi, madaktari hupendekeza kloridi ya alumini yenye nguvu ya asilimia 10 hadi 20. Hupakwa usiku, wakati tezi zimetulia, juu ya ngozi iliyokauka kabisa, kisha huoshwa asubuhi. Ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu au iliyonyolewa punde, huwasha na kuunguza. Jasho likishapungua, kupaka mara moja au mbili kwa wiki huweza kutosha.

Ngazi ya pili huwafaa zaidi wenye jasho la viganja na nyayo, ambako ngozi ni nene na dawa ya kupaka huenda isitoshe. Mgonjwa hutumbukiza mikono katika beseni mbili za maji zinazopitishwa mkondo mdogo wa umeme, yapata miliampia 15 hadi 20, kwa dakika 20 hadi 30. Hurudia mara kadhaa kwa wiki mpaka mikono ikauke, kisha huendelea kwa vipindi vya mbalimbali. Tiba hii haimfai mja mzito wala mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Kifaa kiwe cha hospitali au kilichoundwa kwa kazi hiyo. Nyaya za umeme wa nyumbani huua.

Ngazi ya tatu ni sindano za sumu ya botulini, zinazozuia asetilikolini isiifikie tezi. Nchini Marekani ziliidhinishwa kwa jasho la makwapa mwaka wa 2004. Nafuu yake hudumu kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita au zaidi, kisha hudungwa tena, na gharama ni kubwa. Viganjani huuma sana na huweza kulegeza mshiko kwa muda, jambo la kuzingatiwa na mtu anayeishi kwa kalamu.

Zipo pia dawa za kumeza, kama vile oksibutinini, iliyotangulia kutumika kwa maradhi ya kibofu. Hupunguza jasho la mwili mzima, lakini hukausha kinywa, huleta uyabisi wa tumbo na huweza kutia ukungu machoni. Haziwafai wenye aina fulani za glakoma. Anayefanya kazi juani hana budi kujihadhari, kwani mwili usiotoka jasho haupoi.

Ngazi ya mwisho ni upasuaji wa kukata au kubana neva zilizo ndani ya kifua. Viganja hukauka mara moja, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Wengi waliopasuliwa huanza kutokwa na jasho jingine mgongoni, tumboni na mapajani, ambalo huweza kushinda lile la awali, nalo huenda lisiondoke maisha. Neva iliyokatwa hairudishwi kirahisi. Anayepaswa kuufikiria upasuaji ni yule aliyekwisha kuzijaribu ngazi za chini na kushindwa.

Hitimisho

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haipahidrosisi ya msingi haiui, ila humwibia mtu mkono wa salamu, alama za mtihani na ujasiri wa kusimama mbele za watu. Anayeificha hukosa hata ile dawa ya kupaka usiku. Wanaistilahi wana deni la kuipa hali hii jina jepesi linaloweza kutamkwa nyumbani bila haya. Kabla jina hilo halijapatikana, mgonjwa anaweza kumwambia daktari maneno machache tu: viganja vyangu hutoka jasho bila kazi na bila hofu, nilianza nikiwa mdogo, na nilalapo hukauka. Daktari akisikia hayo, atakuwa ameshapata nusu ya anayohitaji kujua.