Majilio ya Mvua: Sala za Matumaini katika Parokia za Bujumbura

Vitabu vya sala vilivyotufikia kutoka Ulaya huieleza Majilio kama safari ya katikati ya baridi: usiku mrefu, theluji mlangoni, mshumaa mmoja, kisha wa pili, wa tatu, wa nne. Sisi huku Bujumbura theluji hatunayo, tunayo mvua. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, mawingu yanaposhuka kutoka milima ya Mumirwa kuelekea Ziwa Tanganyika, na mito inayoukata mji, Ntahangwa, Muha na Kanyosha, ikijaa maji yenye rangi ya udongo. Ndio wakati pia akiba za vijijini zinapokwisha. Maharage yaliyopandwa mwanzoni mwa mvua bado yako shambani, na mama aendaye sokoni anajua kwamba noti ya juma lililopita haitanunua kilo ileile.

Mvua hii watu wanaiogopa kwa sababu. Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014 maji yaliporomoka kutoka vilimani hadi mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama na Buterere, yakabomoa nyumba za matofali mabichi na kuua watu zaidi ya 60. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na kuingia Gatumba, na tangu hapo Gatumba imeendelea kufurika, hata ziwa lenyewe likapanda hadi kwenye nyumba zilizodhaniwa kuwa mbali na maji. Kwa hiyo muumini anayewasha mshumaa wa kwanza Bujumbura mara nyingi ana sikio moja kwenye Injili na jingine kwenye mabati.

Sala za nyakati kama hizi husikika vizuri zaidi nyumbani kuliko kanisani. Jumuiya ndogo ya Kikristo hukutana jioni, mara moja kwa juma, kwa mmoja wa wanajumuiya. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani, na kule mtaa wa Buyenzi jirani huyo kwa kawaida ni Mwislamu, naye huwatuma watoto wake wavilete kabla hata hajaombwa. Meza hutandikwa kitambaa, huwekwa sanamu ya Bikira Maria na mshumaa, maana umeme hauna ahadi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele amina." Husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, watu hukaa kimya kidogo, kisha huja maombi. Hapo lugha huchanganyika: mzee aliyekulia mlimani huomba kwa Kirundi, mama wa mtaa wa Bwiza huitikia kwa Kiswahili, na hakuna anayehitaji mkalimani.

"Tumwombee mama wa nyumba ya pili, ukuta wa jikoni umeanguka juzi."

"Tumwombee kijana wetu aliyekwenda Tanzania kutafuta kazi, simu yake haipatikani."

"Tumwombee mzee wetu, dawa za sukari zimemwishia."

Kila ombi lina mtu na lina jambo. Ndiyo maana baada ya Amina ya mwisho hakuna anayeondoka. Katibu hufungua daftari, akaandika nani ametoa faranga, nani ameahidi kilo ya maharage, nani atakwenda Jumamosi alasiri kukanda udongo wa ule ukuta. Mimi ninaamini sala yenyewe haijaisha hapo, inaendelea mpaka udongo ukauke. Nimesikia pia mahubiri marefu kuhusu matumaini yasiyomtaja mgonjwa, mjane wala aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, na nimewaona watu wakitoka na mizigo yao ileile.

Desturi hii ya kusali nyumbani iliwahi kutazamwa kama hatari. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, serikali iliwafukuza wamisionari wengi, ikachukua seminari ndogo, ikazuia ibada za saa za kazi katika siku za juma, na jumuiya za msingi, zilizoitwa inama sahwanya, zikapigwa marufuku. Vikwazo hivyo viliondolewa baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka Septemba 1987. Waliopitia kipindi kile hawazungumzi juu ya jumuiya kama chama cha kupitisha jioni.

Kutaja majina, kama tufanyavyo katika jumuiya, ndiko pia kiini cha msiba wetu. Mtu akifariki, familia hukaa ikiriyo: majirani huja, wengine hulala palepale, chakula huletwa na wageni, na anayefika hutoa mkono kabla ya kutoa neno. Baadaye, mara nyingi baada ya mwaka, huja kuganduka, siku ya kuondoa msiba kabisa. Asubuhi huwa misa, kisha watu hukusanyika nyumbani au ukumbini, vinywaji hugawanywa, na msemaji wa familia hueleza watoto watalelewa na nani na madeni yamesimama wapi. Kwa Mkatoliki wa Bujumbura mambo haya mawili, altare na ule mkutano wa ukoo, hayatengani. Ndiyo maana ofisi ya parokia haikosi watu wanaoandikisha nia za misa. Padre huisoma orodha ndefu kabla ya kuanza, na ukitazama mabenchi utaona mtu akiinamisha kichwa pale jina la marehemu wake linapotajwa, kisha akikaa wima.

Lakini wako waliotajwa kwa kuchelewa mno. Mwaka 1972, baada ya uasi wa 29 Aprili ulioua Watutsi wengi kusini mwa nchi, ulifuata ukandamizaji ulioangamiza Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makatekista, mapadre. Makadirio ya kawaida ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Familia zao hazikuweza kulia hadharani, sembuse kuganduka. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi, yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Kisha kuna wafu wa vita vilivyoanza Oktoba 1993 alipouawa Rais Melchior Ndadaye, Wahutu na Watutsi: Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, aliyeuawa njiani 9 Septemba 1996; na waseminari 40 wa Buta, walioamriwa na wauaji wao 30 Aprili 1997 wajitenge kwa kabila wakakataa, wakafa pamoja. Vijana wale wa Buta wanakumbukwa sana, na sawa kabisa. Ninaumia kwa wale wasio na kaburi wala tarehe, ambao mama zao walizeeka wakiwaombea kimoyomoyo.

Papa Fransisko alipoufanya mwaka 2025 kuwa Jubilei, akawaita Wakristo mahujaji wa matumaini, Bujumbura ilikuwa katika uhaba mkali wa mafuta ya gari. Watu walikuwa wakihiji kwa miguu kila siku, kazini, sokoni, hospitalini. Mwanzoni mwa mwaka huohuo makumi ya maelfu ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu walivuka Rusizi na kuingia Cibitoke, na watu wengi wa hapa wana shemeji, shangazi au rafiki wa utotoni upande wa pili wa mto.

Hapa nina ombi kwa maparoko wetu. Maombi ya waamini tunayosomewa Jumapili mara nyingi hutoka kitabuni, nayo huombea amani duniani na viongozi wa mataifa. Yasomwe, hayana kosa. Lakini katika Jumapili nne za Majilio katibu wa jumuiya moja apewe nafasi ya kupanda na daftari lake, kwa idhini ya wahusika, asome maombi matatu kama yalivyosemwa nyumbani, kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Na vikapu vya matoleo, ile mihogo, ndizi na maharage ambayo kina mama huleta mbele wakicheza, vigawanywe siku hiyohiyo kwa nyumba zilizotajwa, kabla mvua ya alasiri haijaanza.